Vidole Vinne Chini

Alama ya kwanza ilikuwa mahali pake. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye lilitafutiwa maneno mengi.

Aliiweka muuguzi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Mifuko. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa watu ambao ncha ya utumbo wao ingetolewa nje ya tumbo, na kuwafundisha kuishi na mfuko wa choo uliobandikwa juu ya ngozi. Alikuja wodini saa nne asubuhi, siku moja kabla ya upasuaji, akavuta kiti hadi kitanda cha tisa, akamwambia binti aliyelala pale, "Haya, bibi harusi. Leo tunatafuta kiwanja, kesho wajenzi wanaingia."

Binti hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu hajajua kuvaa viatu, alimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka mitatu alimeza kifungo cha koti la mteja. Shangazi alikichungulia chooni siku mbili nzima hadi kikatoka, akakiosha, akakishona kwenye koti lile lile, na mteja akalivaa akashukuru. Kisa hicho kilichekesha dukani kwa miaka mingi. Siku hizi hakikusimuliwa tena. Mambo ya choo cha Kifungo yalikuwa yamekoma kuchekesha.

Kwa miaka miwili alikuwa akitoka damu. Ilianza kidogo, uzi mwekundu kwenye choo, akajidanganya kwamba ni pilipili. Kisha ikawa mara sita kwa siku, kisha kumi na tano. Alihamishia cherehani lake karibu na mlango wa nyuma ili awahi, akaacha kula mchana, akajifunza kushona huku amebana meno. Madaktari walisema ni vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao mwili unajishambulia wenyewe, na wakampa dawa. Dawa za kwanza zilichoka. Za pili zikamvimbisha mashavu kama mtoto anayenyonya, zikamwekea tumbo lenye mkunjo, miguu ikabaki vijiti. Safari hii alikuwa amelazwa siku tisa, sindano mshipani asubuhi na jioni, chupa mbili za damu ya watu asiowajua, na bado alikuwa akishika ukuta kwenda chooni.

Jumatatu daktari wa upasuaji alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari hulifanya wakiwa na habari mbaya.

"Utumbo wako mpana umekuwa kama karatasi iliyolowa," alisema. "Alhamisi asubuhi tunautoa. Tukingoja zaidi utapasuka wenyewe, na ukipasuka utatukimbiza, si sisi tutakaoukimbiza."

Kifungo aliuliza swali moja tu. "Nitarudi kwenye cherehani?"

"Hilo," daktari alijibu, "linategemea sana tundu litakaa wapi. Atakuja mtu wa kukuonyesha."

Na huyo mtu ndiye Mama Mifuko, aliyekuwa sasa anamwamuru kama mwalimu wa gwaride. Lala. Inua kichwa bila kusaidiwa na mikono, niuone msuli. Lala tena. Kaa. Inama. Simama. Kifungo alisimama, mkono mmoja kwenye chuma cha dripu.

"Sasa kaa hapa kwenye kiti ushone."

"Nishone nini?"

"Shona sketi, shona pazia, shona unachotaka. Nataka nione unavyokaa kazini."

Kifungo alikaa pembeni mwa kiti kama ilivyokuwa desturi yake, mguu wa kulia ukatafuta kanyagio lisilokuwepo, akainama, mikono yake ikasukuma kitambaa cha hewa juu ya meza ya dawa. Mama Mifuko alichuchumaa sakafuni, magoti yakilia, akalitazama tumbo lake kwa muda mrefu. Alibandika mfuko uliotiwa maji kidogo, akamshonesha tena. Akaubandua, akausogeza, akaubandika upya. Saa nzima ilikwenda. Mwishowe alitoa kalamu ya wino mzito, akachora duara dogo jeusi upande wa kulia, juu kidogo ya usawa wa kitovu, akalifunika kwa plasta angavu.

"Mbona juu hivi?" Kifungo aliuliza. "Itaonekana."

"Na nani? Unatembea uchi?"

"Mkanda wa sketi utapita chini yake. Patatuna kama nimeiba kitu dukani."

Mama Mifuko alivua miwani. "Nisikilize, mwanangu. Kinachotoka kwenye utumbo mwembamba ni maji, tena ni makali, yanakula ngozi. Mfuko ukikaa sehemu bapa, unashika. Ukikaa kwenye mkunjo, kila ukiinama unabanduka, na kila ukibanduka unavuja. Nina mgonjwa wangu, dereva wa lori. Alipasuliwa kwa dharura, hakuna aliyempima amekaa. Tundu likaangukia kwenye mkunjo. Huu mwaka wa pili, hajashika usukani. Anakaa nyumbani na taulo, ngozi imechunika kama ameungua. Wewe kazi yako ni ya kuinama kutwa. Nimekuwekea pale utakapoweza kuinama."

Alikusanya vitu vyake. "Kesho sipo. Naingia kliniki ya mji mwingine mpaka wiki ijayo, ndiyo maana nimekuja leo. Daktari atafuata alama, hatakuuliza kitu. Kwa hiyo usiifute, usiisugue, oga kwa adabu."

Shangazi alikuja saa tisa, saa ya kutazama wagonjwa, futi ya kupimia ikiwa bado imemning'inia shingoni. Ilikuwa kawaida yake kuisahau. Aliwahi kwenda nayo msibani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shingo imekwisha. Uso umejaa lakini shingo imekwisha." Aliweka kikapu chini. "Dukani wanakusalimu. Nimewaambia una homa ya matumbo."

"Si uliwaambia hivyo mwezi uliopita?"

"Basi imerudi. Homa hazirudi?"

Kutoka kitanda cha nane, mama mmoja aliyetolewa mawe kwenye nyongo alicheka. Mawe yake yalikuwa juu ya kabati ndani ya kichupa, na kila aliyepita alionyeshwa. "Semeni ukweli tu," alisema. "Mimi yangu nimeyaanika."

"Yako mawe, dada yangu," Shangazi alimjibu bila kugeuka. "Mawe hayanuki."

Kifungo aliinua gauni la hospitali amwonyeshe alama. Shangazi aliitazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine, kichwa upande, midomo imebana.

"Nani kaiweka hapa?"

"Muuguzi wa mifuko."

"Anajua kuvalisha mtu?"

"Anajua matumbo, Shangazi."

"Matumbo yanavaliwa nini juu yake? Simama."

Kifungo alisimama. Futi ilitoka shingoni ikazunguka kiuno chake kabla hajashika chuma cha dripu. Vidole vya Shangazi vilikuwa vya baridi na vya haraka, havijawahi kumdanganya. Ni yeye aliyekuwa akisifiwa mtaa mzima kwa sketi za kubana kiuno, na Kifungo ndiye aliyekuwa sanamu ya duka. Hawakuwa na sanamu ya plastiki; walikuwa na Kifungo. Shangazi alikata, Kifungo akavaa, akakaa karibu na dirisha, na wanawake walioingia walimwonyeshea kidole wakasema, kama hiyo.

"Mkanda unakaa hapa," Shangazi alisema. "Huyu mama kaweka juu ya mkanda. Kila blauzi utakayochomekea itasema."

"Sitachomekea."

"Utavaa magauni mapana na miaka yako ishirini na mbili? Kama hema?" Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, mimi nimemvalisha mwenye mimba ya miezi sita akasimama mbele ya baba yake, mzee asijue. Nimemvalisha mwenye titi moja. Nimemvalisha mwenye mguu mfupi akacheza muziki. Hakuna kitu cha mwili nisichoweza kukificha. Ila lazima kiwe chini ya mkanda. Juu ya mkanda sina la kufanya."

"Amesema kwenye mkunjo mfuko haushiki."

"Mkunjo uko wapi?"

Kifungo alijitazama. Alikuwa amesimama wima, na tumbo lake lilishuka laini kutoka kifuani hadi chini.

"Sasa hivi haupo."

"Basi."

Ingekuwa rahisi kumtwisha Shangazi yote, na baadaye wapo waliofanya hivyo. Lakini Shangazi aliacha mikono ikaning'inia, akangoja, na aliyesema alikuwa Kifungo mwenyewe. Alikuwa akiwaza dirisha la duka, na kidole cha mteja kikimwelekea, kikisita, kikishuka.

"Ifute," alisema.

Spiriti ilikuwa kwenye kabati la mama wa mawe. "Mimi sijaona kitu," alisema yule mama akiwapitishia chupa na pamba, kisha akavuta pazia kati ya vitanda, akakaa upande wa pili akikohoa kwa sauti kubwa kila muuguzi alipopita. Plasta ilibanduliwa taratibu. Wino ulikuwa mkaidi, Shangazi akausugua mpaka ngozi ikawa nyekundu na pamba nyeusi. Kisha akahesabu vidole vinne kwenda chini, akatia nukta kwa chaki, akatoa kwenye mkoba kalamu anayoandikia namba za vifurushi vya wateja. Alizungushia kifuniko cha chupa ili duara litoke sawa. Plasta ikarudishwa.

Duara la Shangazi lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Hata Kifungo aliliona hivyo.

"Hapo," Shangazi alisema. "Hapo hata mume hatajua mpaka umwambie."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi walicheka pamoja, kwa sauti ya chini, kama watu walioiba.

Saa kumi na mbili jioni tumbo lilimkata, akaenda chooni akivuta dripu. Hakukuwa na kitu cha kutoka, alikuwa hajala. Ilitoka damu na ute, na maumivu yale yanayomfanya mtu ahesabu vigae. Alihesabu. Yalipopita aliinama mbele, viwiko juu ya mapaja, na kwa mazoea akaitafuta alama kwa macho.

Haikuwepo.

Aliinua gauni zaidi. Tumbo lilikuwa limejikunja mara mbili, mkunjo mmoja mpana chini ya kitovu, umefungana kama midomo. Aliufungua kwa vidole. Duara la Shangazi lilikuwa ndani, limekunjika katikati, limelowa jasho, na plasta tayari imeachia upande mmoja. Alinyooka, likatokea. Aliinama, likamezwa. Alifanya hivyo mara nne, polepole, kama mtu anayejaribu mlango ambao anajua umefungwa.

Kila anayejifunza kukata suruali huambiwa siku ya kwanza: mpime mteja amesimama, kisha mketishe umpime tena, kwa sababu mwili uliokaa ni mwili mwingine. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempiga rula ya vidole kwa kulisahau. Na leo mafundi wawili, mmoja wa miaka thelathini kazini, walikuwa wamemsimamisha mgonjwa katikati ya wodi, wakampima kwa ajili ya dirisha.

Alijaribu kuitafuta sehemu ya kwanza. Alijua ilikuwa kulia, juu, lakini juu kiasi gani? Mama Mifuko alikuwa ameihamisha mara tatu kabla ya kuridhika. Ngozi yote ya upande ule ilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa. Saa nzima ya kazi ya mtu, na wao waliifuta kwa pamba mbili.

Alipotoka, muuguzi wa zamu alikuwa akimngoja na faili. Alimpa sabuni ya dawa ya kuogea usiku na asubuhi. Alimchoma sindano ya kuzuia damu kuganda. Alimwambia asile, maji matupu tu hadi saa kumi na mbili asubuhi. Alimfuta rangi ya kucha. Kisha akafungua fomu ya ridhaa ambayo Kifungo alikwisha kuisaini, akasoma jina la upasuaji, akauliza, "Una swali lolote?"

Alikuwa nalo. Lakini alifikiri: nikisema, watampigia Mama Mifuko, naye hayupo. Wataniambia tungoje arudi. Na daktari alisema karatasi iliyolowa. Akafikiri pia, na hili lilimwaibisha: watauliza nani alifuta.

"Sina," alisema.

Asubuhi Shangazi alifika kabla jua halijapata nguvu, amevaa gauni lake la heshima. Kifungo alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, soksi za kubana miguuni, kofia ya karatasi kichwani.

"Shangazi, nikikaa inazama."

"Nini?"

"Alama. Nikikaa inaingia ndani ya mkunjo. Hatukupima nikiwa nimekaa."

Kifungo aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu utoto: uso wa Shangazi ukitafuta pa kujificha usipate. Kabla hajasema lolote, daktari wa upasuaji aliingia, amevaa nguo za kijani, ananukia sabuni. Aliinua gauni, akatazama, akakunja uso.

"Iko chini sana hii. Mama Mifuko ndiye aliyeweka?"

"Ndiye," Shangazi alisema haraka. "Jana asubuhi."

Daktari alitikisa kichwa taratibu. "Ameniwekea alama mia mbili huyu. Sijaona ya chini hivi." Aliigusa kwa kidole. "Lakini yeye ndiye anayejua. Kama amemwona amekaa, basi. Twendeni."

Mhudumu alifungua breki. Magurudumu yaliteleza hatua mbili, tatu. Kifungo alitazama taa za dari zikianza kusogea. Alimtazama Shangazi, aliyekuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, macho yamemganda, na alijua kwamba akinyamaza, uongo ule utafuatana naye ndani na kushonewa mwilini.

"Si yeye," alisema.

"Unasemaje?"

"Alama si yake. Yake ilikuwa juu. Tuliifuta. Mimi ndiye niliyesema ifutwe."

Kitanda kilisimama. Kwenye kitanda cha nane mama wa mawe alijifunika shuka usoni.

Daktari hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitazama saa ya ukutani. Alitoa simu, akapiga, akangoja, akapiga tena. "Amezima. Yuko kliniki." Alimgeukia Shangazi. "Mama, ulitaka nimkate hapo?"

Shangazi alijibu kwa sauti ambayo Kifungo hakuitambua. "Nilitaka asionekane."

"Tunaweza kungoja wiki ijayo?" Kifungo aliuliza.

"Usiku homa yako imepanda. Mapigo yako mia na ishirini. Hapana." Daktari aliurudisha mgongo wa kitanda juu. "Kaa. Teremsha miguu. Inama kama unavyofanya kazi."

Maumivu yalimfumba macho, lakini aliinama. Safari hii hakukuwa na kiti wala mfuko wa maji, na aliyekuwa akimtazama alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Watu walikuwa wakipita na sinia za chai. Daktari alibonyeza, akamlaza, akamwambia ainue kichwa, akambonyeza tena, akamkalisha. Alichora msalaba wa haraka juu ya kitovu, kulia. Akautazama, akaukata, akachora mwingine pembeni yake kidogo.

"Ndipo penyewe?" Kifungo aliuliza.

"Sijui kama ndipo penyewe. Ni pazuri kuliko pale." Alifunika kalamu. "Mama Mifuko hukaa na mtu saa nzima. Mimi nina dakika tano."

"Nitaweza kushona?"

Daktari alitafuta jibu la upole, ikaonekana, kisha akaliacha. "Nitajitahidi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu."

Magurudumu yalianza tena. Shangazi alitembea ubavuni, viatu vyake vya heshima vikigonga sakafu. Kwenye korido ya pili aliinama karibu na sikio la Kifungo.

"Zile sketi zako," alisema. "Sita. Nishushe viuno au nipandishe?"

Kifungo alijua Shangazi hakuwahi kuomba radhi kwa maneno, kwa mteja wala kwa marehemu kaka yake, baba wa Kifungo. Akiharibu, hufumua akashona upya, basi. Angependa kumjibu vizuri. Lakini hakukuwa na kipimo cha kumpa.

"Usikate kitu, Shangazi. Bado hatujui."

"Nikate moja tu, nione."

"Hata moja."

Milango ilifunguka kwa kusukumwa na kitanda. Hewa ya ndani ilikuwa baridi. Vichwa vilivyofunikwa vilimwinamia, mtu akamwuliza jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, akajibu, wakamwuliza tena. Nyuma yake alimsikia mhudumu akimwambia Shangazi arudi nyuma ya mstari mwekundu, na Shangazi akimjibu, kwa sauti yake ya dukani, kwamba hajauvuka, aje mwenyewe apime.